Oksijeni haba na seli za saratani ya damu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudiwa na wagonjwa, jamaa wanaowauguza na wanafunzi wa fani za afya wa Unguja na Pemba. Mengi huzuka baada ya mtu kupewa barua ya rufaa ya kuvuka kwenda Dar es Salaam, akaanza kujisomea usiku kwenye simu na kukutana na madai mawili yanayogongana: kwamba saratani hustawi pasipo oksijeni, na kwamba ukosefu wa oksijeni huiua. Kila dai lina chanzo cha kweli, na ndiyo sababu yote mawili hayafi.

## Misingi

1. Saratani ya damu ni ugonjwa gani hasa, na huanzia wapi?

Jina hilo hukusanya magonjwa kadhaa. Lukemia huanzia katika uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa, ambako seli za damu, mara nyingi changa zilizokataa kukomaa, huendelea kuzaana mpaka zikaziba nafasi ya seli nzima. Mailoma nayo hukaa katika uboho, lakini ni saratani ya seli zinazotengeneza kingamwili. Limfoma kwa kawaida huanzia katika tezi za limfu. Uboho wa mtu mzima mwenye afya hutoa seli nyekundu takriban bilioni 200 kila siku, hivyo kazi yake inapovurugwa mgonjwa hupungukiwa damu, huvuja damu kwenye fizi na hushikwa na homa zisizokwisha. Majibu yanayofuata yanahusu zaidi lukemia, kwa kuwa ndiko utafiti wa oksijeni ulikokwenda mbali.

2. Mnaposema oksijeni ni “haba”, mna maana ya kiasi gani?

Hewa tunayovuta pwani ina oksijeni asilimia 21. Katika damu ya mishipa inayotoka moyoni, shinikizo la oksijeni huwa karibu milimita 100 za zebaki. Mwaka 2014 watafiti walichapisha vipimo walivyovichukua ndani ya uboho wa panya walio hai, wakipenyeza mwanga katika mfupa wa fuvu, na wakakuta shinikizo lisilofika milimita 32, huku sehemu nyengine likishuka mpaka karibu 10, sawa na oksijeni ya asilimia 1 na kitu. Hao walikuwa panya wazima, wasio na saratani.

Kwa hiyo kiwango ambacho mapafu yangekiita hatari, kwa uboho ni hali ya kila siku. Asiyelishika jambo hili atayasoma vibaya majibu yote yaliyobaki.

3. Uboho umejaa mishipa ya damu. Inakuwaje oksijeni iwe ndogo?

Kwa sababu watumiaji ni wengi na wamesongamana. Oksijeni hutoka katika mshipa na kupenya taratibu kati ya seli, na kila seli inayoipitia huchukua yake. Ni kama maji ya bomba katika mtaa ambao nyumba za mwanzo zote zimefungua mifereji, wa mwisho wakapata uzi tu. Isitoshe, damu nyingi iliyomo katika uboho imo katika vijishipa vipana vinavyokwenda polepole, na inapofika huko imekwisha kutoa sehemu kubwa ya oksijeni yake.

Lukemia inapoingia, msongamano huzidi. Katika panya waliopandikizwa lukemia, maeneo ya uboho yenye oksijeni haba yameonekana kupanuka kadiri ugonjwa unavyosonga mbele.

4. Mama yangu alibanwa kifaa kidoleni kikasoma 98. Vipi tena oksijeni iwe haba?

Kifaa kile hupima jambo moja tu: katika himoglobini iliyopo, yaani protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni, ni asilimia ngapi imeibeba. Hakisemi himoglobini yenyewe ni nyingi au kidogo. Mgonjwa mwenye himoglobini ya gramu 5 kwa desilita, ambayo ni chini ya nusu ya inavyotakiwa, anaweza kabisa kusoma 98, kwa kuwa hizo chache alizonazo zimejaa. Wala hakisemi chochote kuhusu uboho. Namba nzuri kidoleni isimfanye mtu akapuuza weupe wa viganja na mtu kuhema anapopanda ngazi.

## Yanayotokea ndani ya seli

5. Seli inajuaje kwamba oksijeni imepungua?

Kila seli hutengeneza wakati wote protini iitwayo HIF-1, na oksijeni ikiwepo huiharibu wakati huo huo. Vimeng’enya vinavyohitaji oksijeni ili vifanye kazi huitia alama. Protini nyengine, VHL, huitambua alama hiyo, na HIF hupelekwa kuvunjwavunjwa ndani ya dakika chache. Oksijeni ikikosekana alama haitiwi, HIF husalia, huingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni nyingi kwa pamoja: za kuingiza sukari, za kuchochea mishipa mipya, za kuongeza seli nyekundu, na za kuishikilia seli mahali ilipo.

Gregg Semenza, William Kaelin na Peter Ratcliffe walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019 kwa kuugundua utaratibu huu. Utaratibu wenyewe si wa saratani. Ni wa kila mtu, na saratani huukuta tayari na kuutumia.

6. Pasipo oksijeni ya kutosha, seli hizo hupata wapi nguvu?

Huvunja glukosi bila kuimaliza. Molekuli moja ya glukosi ikichomwa kikamilifu kwa oksijeni katika mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli, hutoa takriban molekuli 30 za ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nguvu ya seli. Ikivunjwa bila oksijeni hutoa 2 tu, na hubakisha asidi ya laktiki. Seli hufidia kwa kuingiza glukosi nyingi zaidi. Otto Warburg aliona katika miaka ya 1920 kwamba seli za saratani hufanya hivi hata oksijeni ikiwa tele.

Warburg alikwenda mbali zaidi akadai kwamba kuharibika kwa upumuaji wa seli ndiyo asili ya saratani. Dai hilo halikusimama, ingawa bado linauzwa kama jambo jipya na wenye tiba za kubahatisha (swali la 12). Katika lukemia kali ya mailoidi, aina inayosonga mbele kwa haraka, seli shina za saratani, zile zinazouanzisha ugonjwa upya, huyategemea sana mitokondria, na baadhi yake zimeonekana zikipokea mitokondria kutoka kwa seli jirani za uboho. Si viumbe vilivyoikataa oksijeni. Ni viumbe vinavyoitumia kwa kubana.

7. Basi tuambieni waziwazi: oksijeni haba huzikuza seli za saratani ya damu au huzizuia?

Jibu hutegemea oksijeni ni haba kiasi gani, kwa muda gani, na kwa seli zipi. Wanaotaka neno moja watavunjika moyo.

Katika oksijeni ya asilimia chache, ambayo ndiyo ya nyumbani kwao, seli nyingi za lukemia huishi vizuri. Ikishuka kufikia karibu asilimia 1, katika majaribio mengi kasi ya kuzaana hupungua: seli hukusanyika katika hatua ya mapumziko iliyo kabla ya kunakili DNA, lakini hazifi kwa wingi. Oksijeni ikikaribia sifuri na ikabaki huko, nyingi hufa, na zinazosalia ni chache zenye ustahimilivu mkubwa.

Yapo pia matokeo yaliyowashangaza wengi. Katika miaka ya 2000 watafiti wa China walionyesha kwamba oksijeni iliyopunguzwa kwa wastani inaweza kuzisukuma baadhi ya seli za lukemia kali ya mailoidi zianze kukomaa, jambo ambalo saratani hii imelikataa tangu mwanzo, na panya wenye lukemia waliowekwa kwa vipindi katika hewa ya oksijeni pungufu waliishi muda mrefu zaidi. Hayo yalikuwa matokeo ya maabara na panya. Hayajawa tiba ya binadamu, na hakuna anayepaswa kuyajaribu kwa kubana pumzi.

Ukiyaweka pamoja, linalojitokeza ni kwamba oksijeni haba hubadilisha tabia ya seli kuliko inavyobadilisha idadi yake. Huipunguzia kasi na huiongezea uvumilivu. Kwa nini hilo ni tatizo, soma swali la 10.

8. Kwa nini tafiti mbili juu ya HIF zinasema mambo yaliyo kinyume?

Kuna tafiti za panya zilizoonyesha kwamba HIF-1 ikizimwa, seli shina za lukemia hushindwa kuendelea, hasa katika lukemia sugu ya mailoidi, aina inayosonga polepole. Nyengine, katika lukemia kali ya mailoidi, zilionyesha kwamba kuiondoa HIF-1 hakuzuii ugonjwa, na mara nyengine huuharakisha. Sababu moja ni kwamba kuzima jeni kabla ugonjwa haujaanza si sawa na kuizima ukiwa umekwisha kukomaa. Sababu ya pili ni kwamba dawa zinazoitwa vizuizi vya HIF nyingi hugusa na mambo mengine, hivyo seli ikifa hujui imeuliwa na lipi.

Sababu ya tatu huonekana mtu akisimama mbele ya mashine yenyewe. Seli hukuzwa katika kabati lenye joto la nyuzi 37, na kwa jaribio la oksijeni haba hupulizwa naitrojeni mpaka kipimo kisome asilimia 1. Mwanafunzi akifungua mlango kutoa kisahani kimoja, hewa ya kawaida huingia, na kwa kuwa HIF huvunjwa ndani ya dakika chache, kisahani cha tatu anachokitoa si sawa tena na cha kwanza. Kinyume chake pia hutokea: seli zilizotulia chini ya kimiminika kirefu, zikiwa nyingi, huweza kuishiwa oksijeni ilhali kabati linasoma asilimia 19. Tafiti mbili zinaweza kuandika namba moja na zikawa zimepima hali mbili.

9. Jee, saratani zote za damu hufanana katika jambo hili?

Hazifanani. Katika lukemia sugu ya mailoidi ugonjwa huendeshwa na protini BCR-ABL, na dawa imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huizuia. Lakini katika oksijeni haba baadhi ya seli hupunguza protini hiyo na kuishi bila kuitegemea, hivyo dawa hukosa pa kushika. Katika mailoma kuna ushahidi mzuri kwamba oksijeni haba huchochea mishipa mipya na kusaidia seli kuhamia mifupa mengine. Limfoma huunda uvimbe, na uvimbe mkubwa huwa na kitovu kisichofikiwa na damu, kama ilivyo kwa saratani za viungo vyengine.

## Matibabu na madai ya mitaani

10. Ikiwa seli zimepunguza kasi, si nafuu kwa mgonjwa?

Ingekuwa nafuu kama dawa zetu zisingekuwa zinawinda kasi. Sitarabini, dawa ya msingi ya lukemia kali ya mailoidi, huua seli inaponakili DNA yake. Seli iliyojipumzisha haiinakili, na dozi hupita. Mionzi nayo huhitaji oksijeni ili iharibu DNA vizuri, kiasi kwamba seli zisizo na oksijeni huweza kuhitaji dozi ya karibu mara tatu ili zife sawasawa na zenye oksijeni. Tena HIF huongeza kipokezi kiitwacho CXCR4, kinachozishikiza seli katika kona za uboho zilizo na hifadhi.

Hii ni sababu mojawapo ya jambo linalowaumiza sana jamaa: damu imepimwa, seli mbaya hazionekani, mgonjwa amerudi kwao Wete kwa furaha, kisha baada ya miezi ugonjwa hurejea. Daktari anaposisitiza mizunguko ya dawa iendelee ingawa mgonjwa “amepona”, analenga hizo zilizobaki zimelala. Nauli ya feri na gharama za kukaa Dar es Salaam ni mzigo wa kweli, na jamaa wasione haya kulizungumza hilo na daktari mapema, kwa kuwa mzunguko ulioachwa una gharama kubwa zaidi.

11. Hakuna dawa inayolenga oksijeni haba yenyewe?

Zimejaribiwa. Maarufu zaidi ni evofosfamidi, iliyotengenezwa ibaki tulivu penye oksijeni na igeuke sumu pasipo na oksijeni. Katika lukemia ilifika majaribio ya awali kwa binadamu, ikaleta manufaa madogo. Na mwaka 2015 majaribio mawili makubwa katika saratani nyengine, ya kongosho na ya tishu laini, yalishindwa kufikia lengo. Ugumu mmoja unaonekana katika swali la 2: uboho wenye afya nao una oksijeni haba, na dawa haina njia rahisi ya kuutofautisha na ule wenye saratani. Njia iliyozaa zaidi ni ya kushambulia uhai wa seli hizo kwa upande mwengine, kama inavyofanya dawa ya venetoklaksi katika lukemia kali ya mailoidi.

12. Basi kuvuta oksijeni ya mtungi, au zile sindano za “kuongeza oksijeni”, si kutazimaliza?

Hapana. Damu ya mtu asiye na maradhi ya mapafu huwa imekwisha kujaa oksijeni karibu yote inayoweza kubeba, na mtungi huongeza kidogo mno. Hospitalini oksijeni hutolewa kwa sababu mapafu yamejaa maji au maambukizi, si kwa ajili ya kuua saratani. Kuhusu ozoni na haidrojeni peroksaidi, zinazouzwa kwa jina hilo la “kuongeza oksijeni”, tahadhari moja inatosha hapa: peroksaidi ikinywewa au ikidungwa huzalisha mapovu ya gesi katika mishipa, na watu wamekufa nayo.

13. Damu ninayoongezewa haiilishi saratani?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyengine huwafanya jamaa wakasita kutoa damu. Kuongezewa seli nyekundu huuondoa upungufu unaochosha moyo na kumzuia mgonjwa asivumilie dawa. Seli za lukemia zimekaa penye oksijeni ndogo tangu mwanzo na hazingoji chupa hiyo ili ziishi. Asiyeongezewa anaweza kufa kwa upungufu wa damu kabla saratani haijamfikisha huko.

14. Kama zinakula sukari, tumnyime halua na chai ya sukari?

Ini litaitengeneza glukosi hata asipoila, kwa kuwa ubongo hauwezi kuikosa. Kumnyima mgonjwa chakula kunampunguza uzito, na mgonjwa aliyekonda huvumilia dawa kwa shida. Ipo sababu nyengine, halali, ya daktari kupunguza sukari: dawa kama prednisoloni, deksamethasoni na asparajinesi, zinazotumika katika lukemia kali ya limfoidi, huweza kuipandisha sukari ya damu. Agizo hilo lifuatwe, lakini lisigeuzwe kuwa nadharia ya kuifungisha saratani.

15. Nimesoma kwamba habasoda imeua seli za lukemia maabara. Ni uongo?

Si uongo. Thaimokwinoni, kiini cha habasoda, imeua seli za lukemia katika visahani. Sukari nyingi, chumvi nyingi na siki nazo zingeziua. Mtu akiletewa habari ya namna hii, aulize mambo mawili: dozi iliyotumika inaweza kufika katika damu ya binadamu? Na seli zilikuzwa katika oksijeni ya kiasi gani? Mara nyingi ni ile ya kabati la kawaida, asilimia 18 au 19, ambamo seli zinazaana kwa pupa na kuuawa kwa urahisi kuliko zilivyo katika uboho. Anayetumia habasoda kama chakula aendelee, ila anayeinywa kwa vijiko ili itibu amwambie daktari, kwa kuwa vitu vya namna hiyo huweza kuingiliana na dawa.

## Maswali ya pembeni

16. Kupiga mbizi, kuishi milimani, au kukaa chumba kisicho na dirisha huweza kuleta lukemia?

Hakuna ushahidi wa hayo. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, shinikizo la oksijeni ni karibu nusu ya lile la Nungwi, na mwili wa anayekaa juu hujibu kwa kuongeza seli nyekundu, jibu lenye kipimo na mwisho. Mzamiaji anayebana pumzi hupungukiwa kwa dakika chache tu. Lukemia huanza kwa makosa ya kudumu katika jeni za seli ya uboho.

17. Na moshi wa jiko la mkaa?

Kaboni monoksaidi hushika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na chumbani pasipo na upenyo huua mtu usiku mmoja. Hiyo ni sumu, si saratani. Kinachohusishwa na lukemia kwa uhakika ni benzini, iliyomo katika petroli na moshi wa sigara. Vijana wanaouza petroli ya chupa barabarani na kuinyonya kwa mpira mdomoni wana sababu ya kuogopa kuliko mpishi wa chapati.

18. Mwanangu ana seli mundu, na daktari amempa haidroksiurea. Nimeambiwa ni dawa ya saratani.

Seli mundu ni ugonjwa wa kurithi wa himoglobini na si saratani. Oksijeni ikishuka, seli zake nyekundu hujikunja na kuziba mishipa, na hapo ndipo maumivu huja. Haidroksiurea hupunguza hali hiyo kwa kuongeza himoglobini ya aina aliyonayo mtoto akiwa tumboni. Dawa hiyo hiyo hutumika kuzishusha haraka seli nyeupe katika lukemia, ndipo mkanganyiko unapozuka dirishani pa dawa.

19. Wapo watu waliozaliwa na HIF isiyozimika?

Wapo. Katika eneo la Chuvashia nchini Urusi unajulikana ugonjwa wa kurithi ambao VHL (swali la 5) haifanyi kazi ipasavyo, na HIF hubaki juu hata oksijeni ikitosha. Wagonjwa hao huwa na seli nyekundu nyingi kupita kiasi na husumbuliwa na damu kuganda. Haukujulikana kwa kuleta lukemia, na kwa maoni yangu huo ni ushahidi mzuri kuliko panya wengi kwamba ishara ya oksijeni haba peke yake haianzishi saratani ya damu.

20. Damu ya mgonjwa wa lukemia ilipimwa gesi ikaonyesha oksijeni ya chini sana, lakini anazungumza na kidole kinasoma 97. Tuamini kipi?

Kwanza itazamwe hesabu ya seli nyeupe. Kawaida ni kati ya 4,000 na 11,000 kwa mikrolita. Katika lukemia huweza kupita 100,000. Seli hizo zikiwa ndani ya bomba la sindano zinaendelea kupumua, na kama sampuli imesubiri mezani kwa dakika kadhaa, oksijeni iliyomo huwa imekwisha kutumiwa kabla mashine haijapima. Kidole, katika hali hiyo, ndicho kinachosema kweli. Sampuli irudiwe, itiwe kwenye barafu mara tu inapotolewa, na ipimwe papo hapo.

Tahadhari ni kwamba idadi hiyo hiyo ya seli huweza kuziba vijishipa vya mapafu na ubongo na kuleta upungufu wa kweli. Mgonjwa akihema, akichanganyikiwa au akiona ukungu, asisubirishwe marudio ya kipimo.